Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri yetu: geuza mtaro, nyumba ya masista inaanguka

Ndugu Mkurugenzi, mbukwa.

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Usiku wa kuamkia Jumapili ilinyesha mvua ambayo sisi wakulima tulikuwa tunaiombea. Alfajiri nikasikia kishindo. Nilipofika na tochi, kona ya magharibi ya nyumba ya zamani ya masista ilikuwa imekaa chini, na matao mawili ya baraza yameondoka nayo. Maji ya mtaro yalikuwa bado yanapita katikati ya matofali.

Hii ni barua yangu ya nne. Tatu za kwanza ziligongwa muhuri wa kupokelewa, na nakala ninazo. Mara tano nimepanda basi kuja ofisini kwako, nauli ikitoka kwenye pensheni yangu ya ualimu, na mara tano nimeambiwa, "Mzee, njoo Jumatatu." Goti langu halipandi tena ngazi zile. Ndiyo maana leo naandika hadharani.

Mtaalamu mmoja kutoka kwenu aliiita nyumba hii gofu la udongo. Ni ya udongo kweli. Kuta zake ni matofali mabichi yaliyokaushwa kwa jua, unene wa futi mbili, juu ya msingi wa mawe unaofika magotini. Prefektura ya Kitume ya Dodoma, yaani jimbo changa la Kanisa Katoliki, ilipoundwa mwaka 1935 walikabidhiwa Wapasionisti, shirika la watawa kutoka Italia, na matao yale ni mkono wa kwao. Lakini waliokanyaga udongo walikuwa Wagogo, watu waliojenga tembe maisha yao yote, na baba yangu alikuwa mmoja wao. Alinisimulia kwamba bruda aliyesimamia kazi alitaka udongo wa korongoni, wazee wakamkatalia, wakamwonyesha wa kichuguu. Akawasikiliza. Kuta zikasimama.

Vyumba vimezunguka uwanja pande nne, na baraza la matao linaufuata uwanja wote. Mchana wa Oktoba ukiingia humo unalisahau jua. Usiku wa Julai unausahau upepo. Mvua ya Dodoma haifiki milimita 600 kwa mwaka, na karibu yote huja kati ya Desemba na Aprili, kwa hiyo michirizi ya mapaa yote manne ilishusha maji kwenye tangi lililochimbwa chini ya uwanja. Mwaka wa ukame mama yangu alichota humo, Mkristo na asiye Mkristo kwenye foleni moja. Mimi nilizaliwa humo, chumba cha pili kutoka kanisani, mikononi mwa sista.

Ukuta wa udongo unavumilia karibu kila kitu isipokuwa maji yanayokaa miguuni pake. Wazee walilijua hilo, ndiyo maana wakaweka mawe chini, mapaa yaliyotokeza sana, na lipu ya chokaa inayoruhusu ukuta kupumua. Halmashauri ilipofanya ukarabati ikapiga lipu ya saruji. Nilisema siku ileile, mbele ya fundi, kwamba saruji itaziba. Unyevu ukikosa pa kutokea hupanda na chumvi yake, ukuta ukaoza ndani huku nje unang'aa. Kisha mwaka jana ikachongwa barabara, na mtaro ukaelekezwa futi sita kutoka ukutani, bila kalavati. Nadhani mkandarasi alikwepa gharama. Sina ushahidi, lakini sababu nyingine sijaiona.

Tafadhali usinijibu kwamba nyumba ni ya misheni. Serikali ilipozichukua shule za misheni kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, shule yetu ilikwenda pamoja na nyumba ya masista waliokuwa wakifundisha, na tangu hapo ufunguo uko kwenu. Walimu wa serikali tumelala humo. Mimi nimelala miaka tisa.

Nakukumbusha pia mkutano wa hadhara wa mwaka juzi. Ulisimama kwenye baraza hilohilo, umejikinga jua chini ya tao ambalo sasa halipo, ukaahidi kuiandikia Idara ya Mambo ya Kale. Tulipiga makofi. Mimi nilisimama kupiga. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda yenyewe majengo ya kabla ya mwaka 1863. Yaliyojengwa baadaye hungoja tangazo la waziri. Bila barua yako, nyumba hii mbele ya sheria ni matofali tu. Michoro ya miambani ya Kondoa imo kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2006. Bagamoyo nyumba ya zamani ya masista ni makumbusho. Barua yako iko wapi, Ndugu Mkurugenzi? Iliandikwa?

Nilikusudia kuomba mengi: tangazo, lipu ya chokaa, kenchi mpya za upande wa kusini. Yote nayaweka kando. Naomba mtaro ugeuzwe.

Hatuombi hata shilingi. Vijana wapo, majembe yapo, mawe tumeshaanza kukusanya. Tatizo ni kwamba pale ni hifadhi ya barabara, na vijana wawili waliojaribu kuchimba mwaka jana walipelekwa kituoni. Tunahitaji kibali chako, karatasi moja yenye saini.

Jana tumeifunika kona kwa maturubai mawili tuliyoazima, yale ya kuanikia mtama, na wenyewe watayataka. Mawingu yamerudi upande wa mashariki. Saini leo, kesho asubuhi tunachimba.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mwalimu mstaafu, mtoto wa fundi