Kwa Nini Tunakuomba Dumu Zima la Maji Kupima Sesiamu

Wateja wengi hutuletea maabarani kilo moja ya udongo pamoja na chupa ya maji ya nusu lita, wakitarajia majibu ya aina moja. Udongo tunaupokea. Ile chupa tunairudisha, na mteja anastahili kujua sababu.

Chukua maji ya bahari iliyo mbali na ajali yoyote ya nyuklia. Sesiamu-137 iliyomo, aina ya sesiamu yenye mionzi ambayo nyingi ni mabaki ya majaribio ya mabomu ya miaka ya 1950 na 1960, huwa karibu bekereli moja (mvunjiko mmoja wa atomu kwa sekunde) kwa mita moja ya ujazo. Ndani ya nusu lita, hiyo ni atomu moja tu inayovunjika kila baada ya dakika 33 hivi, na kigunduzi cha mionzi hukamata sehemu ndogo tu ya mivunjiko hiyo. Kwenye lita 20, atomu moja huvunjika kila sekunde 50. Hapo angalau tuna pa kuanzia.

Lakini lita 20 haziwezi kuketi juu ya kigunduzi. Kwanza tunatia asidi ya nitriki, sesiamu isije ikanata kwenye kuta za dumu. Kisha tunakoroga humo unga wa manjano uitwao amoniamu fosfomolibdeti, ambao huinasa sesiamu na kuiacha sodiamu iliyojaa baharini. Unga ukituama, dumu zima limebaki gramu chache za kupimwa. Kabla ya hapo tulikwisha kuongeza kiasi maalumu cha sesiamu isiyo na mionzi. Mwishoni tunaangalia imerudi asilimia ngapi, na kwa hiyo tunasahihisha hesabu. Maabara isiyokuonyesha asilimia hiyo, usiiamini namba yake.

Udongo hauhitaji kemia yote hii. Madini ya mfinyanzi huishika sesiamu kwa nguvu, nayo hukaa karibu na uso wa ardhi kwa miaka mingi. Tunaukausha, tunauchekecha na kuupima. Tuandikie tu umechimba kina gani, kwani ukichanganya sentimita 5 za juu na udongo wa chini yake, unaizimua sampuli yako mwenyewe.

Kigunduzi chetu ni cha germaniamu, kinachopozwa kwa nitrojeni kimiminika na kuzungushiwa kuta nzito za madini ya risasi. Hutofautisha mionzi ya gama ya sesiamu-134, aina nyingine ya sesiamu, yenye nishati ya kilo-elektroni-volti 605, na ile ya bismathi-214 ya asili, inayotokana na gesi ya radoni, yenye 609. Vifaa vya bei nafuu huzichanganya hizo mbili, na tumeshapokea watu walioingiwa na hofu kwa sababu ya radoni tu. Sesiamu-134 hupungua nusu kila miaka 2, ilhali 137 huchukua miaka 30. Kwa hiyo ikionekana ile ya kwanza, chanzo si cha zamani sana.

Ripoti ikisema "chini ya kiwango cha ugunduzi", usisome sifuri. Kando ya maneno hayo tunaandika kiwango chenyewe, yaani kiasi kidogo kabisa ambacho kipimo hicho kingeweza kukiona, na muda ambao sampuli ilikaa kwenye kigunduzi.