Shoga, nimemfokea Mzee Inchi

Shoga angu wa Mwanza,

Salama huko? Sisi wazima, watoto wamefunga shule wananimalizia sukari, baba yao yupo, mimi miguu imevimba tu ila nipo. Najua umeninunia tangu ile harusi ya Temeke, haya endelea kununa ila kwanza nisikilize, maana nna jambo limenikaa kooni toka Alhamisi na hapa sina wa kumwambia, kila ninayemwona ama namlipa mshahara ama ananidai.

Nimemfokea Mzee Inchi, fundi wetu aliyetufundisha, ambaye sa hivi ndo mkataji wangu. Mbele za watu, mbele ya wale wanafunzi wawili wanaojifunza kushona kwangu.

Ilikuwa hivi. Nina oda ya sketi 48 za marinda, za sekondari, dak bluu, za kufungulia shule Januari. Si unajua marinda yanavyokula kitambaa, kiuno mara tatu, yaani hela yote ya advansi niliyopewa iliishia kwenye jora. Alhamisi nimetoka Kariakoo na mfuko wa zipu, jasho mpaka mgongoni, naingia nakuta Mzee keshazikata, zimejaa meza nzima. Nikainua kipande kimoja nikamwekea kiunoni yule mwanafunzi mrefu. Kikaishia juu ya goti, juu kabisa, matroni gani atakubali hiyo. Napima, inchi 21. Kwenye daftari ni 27. Zote 48!

Shoga niliwaka. Nikamwambia Mzee kama macho hayaoni si useme, hiki kitambaa utanilipa wewe? Hivyo hivyo, kwa sauti, na mlango uko wazi muuza chips wa nje anasikia. Yeye hakujibu neno. Akaivua futi shingoni, akaikunja taratibu vile anavyokunjaga, akaiweka mezani, akasema anatoka mara moja anaenda kunywa kahawa. Mzee hajagusa kahawa tangu presha ilipompata.

Mtu aliyenifundisha kutunga uzi! Wewe alikuchapa na rula vidoleni kwa ile kanzu uliyoipindua shingo, mimi alinikalisha wiki nzima napiga vifungo tu, na leo namwambia utanilipa wewe. Nikikumbuka natamani ardhi.

Sasa nikwambie Desemba yangu ilivyo ili usinihukumu sana, au nihukumu lakini ujue. Yule fundi wangu wa ovaloki kajifungua, yuko kwenye siku zake 84 na namlipa, sawa ni haki yake, ila ovaloki haijishoni yenyewe. Mchaga wetu anataka kwenda Moshi kula sikukuu, Desemba Mchaga umzuie na nini? Nikamwambia siku zako 28 unazo lakini sheria inasema mwenye kazi ndo anapanga lini, akaniangalia kama nimemtukania mama yake, sa hivi anashona huku anavuta pumzi kwa nguvu nimsikie. Awamu ya nne ya kodi ya mapato inaangukia Desemba hiyohiyo, NSSF asilimia 20, nusu yangu nusu yao, na ile nusu yao nikishaikata mshahara ukapungua basi mwizi ni mimi. Mwenye fremu anataka miezi sita kwa mpigo. Mara ya mwisho kukaa kwenye cherehani nikashona nguo kuanzia shingo mpaka pindo ni Oktoba, na mimi nilifungua hii kazi kwa sababu napenda kushona, kwani nilipenda nini kingine.

Haya turudi kwa Mzee. Ijumaa nilidhani haji. Kaja, kafika kabla ya wote, kafagia, kafungua madirisha. Naingia, nampa shikamoo, anajibu "marahaba bosi". Bosi! Miaka yote hiyo mimi ni "we binti". Nikajikausha. Baadaye kidogo naona kasimama mlangoni kwenye kile kijumba changu cha hesabu, kashika daftari kwa mikono miwili kama mtoto aliyetumwa na mwalimu, anauliza kwa adabu zote, "Bosi, samahani, hii ni saba au ni moja?"

Naangalia. Shoga, ni saba yangu ile uliyokuwa unanicheka, haina kimstari cha katikati, kichwa chenyewe nimekiandika kama nakiogopa. Ile oda niliandika usiku, umeme umekatika, tochi ya simu nimeibana kwa meno. Hata mimi mwenyewe ningesoma 21.

Halafu mwanafunzi mdogo akaja kuniambia polepole, dada, babu alikuja mara mbili kukuuliza siku ile. Mara ya kwanza niko kwenye simu na mwenye fremu, mara ya pili nahesabu hela, nikamnyooshea kidole hivi, subiri, bila hata kuinua uso. Akasubiri akachoka akakata.

Kwa hiyo kosa langu. Nimelala nalo nimeamka nalo, langu. Lakini shoga, na hapa ndo nnapokwama, Mzee yule tunayemjua sisi asingekata 21 hata ningeiandika kwa herufi kubwa. Angesema huyu mtoto wa sekondari au wa chekechea? Alikuwa anamwangalia mtu akipita barabarani anakutajia kiuno, ndo maana tukamwita hivyo. Sa hivi uzi anatungiwa na wanafunzi, anajifanya anawafundisha. Akipima anaivuta futi mpaka puani. Mwezi uliopita mashati mawili, nikanyamaza, nikayarekebisha mwenyewe usiku. Labda ningesema siku ile ya mashati, kwa upole, wawili tu, haya yote yasingefika huku. Nilimwonea haya. Nikatunza haya mpaka ikawa kelele.

Zile sketi usiwaze, kuna jamaa Kariakoo kazichukua, dak bluu si ndo ya shule za msingi za serikali, atazivalisha watoto wadogo, bei kanibamiza lakini nimepata pa kuanzia. Jumamosi usiku nikafunga mlango nikakata jora jipya peke yangu, mkasi ule mkubwa wa Mzee, simu nimeizima. Nilifurahi shoga, mpaka nikaona aibu kufurahi.

Msamaha nataka kumwomba, tena mbele ya walewale waliosikia. Ila nikishamwomba, mkasi namwachia au namnyang'anya? Nikimwachia, Januari nina oda nyingine tatu. Nikimwambia awe mkaguzi, aangalie vifungo na pindo, atanielewa mara moja, yule si mjinga, ataniambia "sawa bosi" na mimi nitakufa. Miwani nilishawahi kumtajia, akasema miwani ni ya walimu.

Naomba basi umpigie. Simu zako anapokea, mimi hata nikimpigia kuuliza uzi uko wapi anasema mtandao unasumbua. Usimwambie nimekuandikia, mpigie kama unamsalimia sikukuu, halafu umsikilize tu anasemaje. Akinitaja kama "binti" nitumie meseji muda huohuo.

Na wewe ulifanyaje na yule mama mkubwa wako pale saluni, alipokuwa anawaunguza wateja na dawa? Ulimwambia mwenyewe au ulimtuma mtu? Alirudi kazini? Na bado mnaongea? Mabinti zako unawalipa kwa kichwa au kwa mwezi, maana na hilo nataka tuliongee. Na we mwenyewe, bado unasuka au umeshakuwa mtu wa daftari kama mimi? Utakuja lini? Umeacha kununa?

Naishia hapa, LUKU inalia imebaki uniti tatu na Mzee keshafika, namsikia anafagia.