Daftari la makumbusho lisilale makumbusho

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu uporaji wa Makumbusho ya Taifa ya Sudan yalidai walinzi zaidi na mageti ya chuma. Sisi tungeanza na daftari, yaani orodha ya kila kitu kilichomo makumbusho. Vita ikiingia mjini, mlinzi huondoka na familia yake, wala hatumlaumu. Kinachoweza kumfuata mwizi hadi mnadani ni karatasi.

Mwezi Aprili 2003 vitu wapata 15,000 viliporwa Makumbusho ya Iraq, Baghdad. Kisicho na picha wala vipimo, afisa forodha atakitambuaje? Kinyago cha Kimakonde kilichoibwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1984 kilirudi kutoka Geneva mwaka 2010. Madai ya kurudishiwa kitu hayasimami bila kuonyesha kwamba kitu kilikuwa chako.

Kwa kila kitu andika aina, malighafi, vipimo kwa sentimita, maandishi yaliyomo, umri, mtengenezaji akijulikana, na alama za pekee. Kwenye alama za pekee ndipo wengi hulegea. Vinyago viwili vya mchongaji mmoja hufanana. Nyufa zao na matundu ya mchwa hayafanani. Upige picha ufa huo kwa karibu, rula kando, mwanga ukitoka ubavuni, maana flashi ya mbele hufuta mikwaruzo.

Namba isiandikwe moja kwa moja kwenye mti au jiwe. Paka kwanza Paraloid B-72, gundi angavu ya wahifadhi, iliyoyeyushwa kwa asetoni, ikauke, andika kwa wino, paka tena juu. Rangi ya kucha, ambayo bado tunaiona ikitumika, hugeuka njano na kubanduka. Karatasi, andika kwa penseli laini. Nguo, shonea utepe wa pamba.

Nakala ziwe tatu, moja nje ya mji. Kompyuta huibwa mapema kuliko vinyago.

Kuficha nako kuna hesabu zake. Beirut, wakati wa vita vya 1975 hadi 1990, majeneza makubwa ya mawe yalizungushiwa zege na vitu vidogo vikazibiwa chini ya ardhi. Zege lilizuia risasi, lakini maji yalipanda chini kule na vyuma vikaliwa na kutu. Mifuko ya mchanga nayo isiguse jiwe: huligawia unyevu na chumvi.

Arusha hatuna vita, ila tuna maduka ya vinyago na watalii, na Namanga na Holili, mpakani na Kenya, haziko mbali. Orodha Nyekundu za ICOM, Baraza la Kimataifa la Makumbusho, kuhusu Mali, Iraq, Syria na Yemen zibandikwe forodhani. Zinaonyesha aina za vitu vinavyowindwa, si vile vilivyokwisha kuibwa, kwa hiyo kutokuwemo humo si kibali. Parokia, misikiti na familia za machifu kule Moshi nazo zianze madaftari yao.

Mwisho, Mhariri, picha za vitu chapisheni mnavyotaka. Picha ya mlango wa ghala na kufuli lake, tafadhali, iacheni.

Wahifadhi wa malikale,
Arusha