Ondoeni wavu kwenye njia ya maji kabla ya masika

Kwa Mhariri,

Jumapili iliyopita niliwapeleka wajukuu wangu kwenye bwawa dogo la burudani lililoko mlimani juu ya kijiji chetu, hapa Kaunti ya Nakuru. Walipanda mashua, wakala mahindi ya kuchoma, wakafurahi sana. Mimi nililitembea tuta kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa sababu nilikuwa dereva wa tingatinga kwa miaka mingi na nimeshindilia udongo wa mabwawa kama hilo katika mashamba mengi. Nilichokiona kimeninyima usingizi.

Bwawa la udongo huachiwa njia pembeni ya kutolea maji ya ziada, ili mvua ikizidi yapite huko yasipande juu ya tuta. Hapa kwetu njia hiyo ni mtaro wa saruji, na mdomoni mwake umefungwa wavu wa chuma. Wavu umenasa matete, matawi na chupa za plastiki hadi zaidi ya nusu ya mtaro imeziba. Nilipouliza, kijana anayekodisha mashua alinijibu kwa adabu, "Mzee, bila huo wavu ngege wote wataenda na maji." Simlaumu. Samaki ndio wanaovuta wageni, na wageni ndio wanaompa riziki.

Lakini wavu wa namna hiyo umewahi kuchangia maafa makubwa. Kule Pennsylvania, Marekani, klabu ya matajiri iliyoanzishwa mwaka 1879 ililigeuza bwawa kuukuu la udongo la South Fork kuwa ziwa la kuvua samaki na kutembeza mashua. Andrew Carnegie na Henry Clay Frick walikuwa wanachama, kwa hiyo pesa za matengenezo hazikukosekana. Mabomba ya chuma ya kupunguzia maji yalikuwa yameng'olewa na mmiliki wa awali, klabu haikuyarudisha. Tuta likapunguzwa kimo ili magari ya farasi yaweze kupishana juu yake. Kisha kwenye njia ya maji ya ziada wakaweka vyuma vya kuzuia samaki wasitoroke. Tarehe 31 Mei 1889, baada ya mvua kubwa, vyuma vile vilinasa takataka, maji yakapanda juu ya tuta, nalo likakatika. Mji wa Johnstown, kilomita 22 hivi chini yake, ulisombwa. Walikufa watu 2,209, na wengi wao hawakuwa wamewahi kulifaidi ziwa lile hata siku moja.

Na sisi wa Nakuru tuna makaburi yetu. Bwawa la Patel kule Solai lilipasuka usiku wa tarehe 9 Mei 2018, likaua watu 48. Lile lilikuwa la kumwagilia shamba, si la burudani, ila udongo ni ule ule. Mai Mahiu, Aprili 2024, hapakuhitajika hata bwawa: njia ya maji chini ya tuta la reli iliziba kwa takataka, maji yakajikusanya nyuma yake, na yalipopata upenyo yakashuka usiku watu wakiwa wamelala. Siku chache baadaye Serikali iliwaagiza wanaoishi karibu na mabwawa na hifadhi za maji 178 katika kaunti 33 wahame ndani ya saa 24. Mvua ikakatika, kila mtu akarudi kwenye shughuli zake.

Wengi hudhani bwawa hupasuka kwa kusukumwa na uzito wa maji. Tuta lililoshindiliwa vizuri, tabaka baada ya tabaka, hubeba uzito huo bila taabu. Lisichoweza kustahimili ni maji kupita juu yake. Yakishaanza kutiririka mgongoni, huchimba upande wa chini kama mtu mwenye jembe, na kufikia hapo hakuna binadamu wa kuyazuia. Ndiyo maana mtaro ule una thamani kuliko mashua zote zilizofungwa pale ufukweni.

Kuna mengine pia. Ng'ombe wamekanyaga tuta mahali pamoja hadi pakatengeneza bonde, na maji yatakapopanda yatapitia hapo kwanza. Mikaratusi imeota ubavuni. Naomba asitokee mtu wa kuing'oa kwa pupa, kwa sababu mizizi mikubwa ikitoka au ikioza huacha mashimo ndani ya tuta. Hiyo aachiwe mhandisi aamue. Na chini, upande wa kijiji, pana mahali pamelowa hata wakati huu wa kiangazi. Nilichota yale maji kwa kiganja: bado ni maangavu. Siku yatakapotoka na tope, maana yake yanachukua udongo wa ndani ya tuta. Mwenye bwawa ampe mtu kazi ya kupatazama mahali hapo kila siku, na watu wa bondeni waelezwe dalili hiyo kwa lugha wanayoielewa.

Kwa kuwa hakuna anayekunywa maji ya bwawa hili wala kumwagilia shamba kwayo, naona kila mtu analichukulia kama mchezo. Sheria ya Maji ya mwaka 2016 ipo na Mamlaka ya Rasilimali za Maji ipo. Nayaomba Mamlaka hayo na Kaunti yamlete mhandisi kabla ya Machi, na ripoti yake ibandikwe kwa chifu ambapo sote tutaisoma. Shule ya msingi wanakosoma wajukuu wangu iko chini ya tuta hilo, mwendo wa dakika kumi kwa miguu.

Wavu, hata hivyo, haumhitaji mhandisi. Umefungwa kwa waya kwenye nguzo mbili za chuma, na kuutoa pamoja na kusafisha mtaro ni kazi ya asubuhi moja. Mwenye bwawa akikubali, nitakuja na koleo yangu ya kukatia waya, na vijana watatu wa jirani wameshaniambia watakuja na majembe.

Mkazi wa bondeni,
Kaunti ya Nakuru