Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Waulizeni vijana waliyopitia

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mshauri nasaha wa vijana. Siombi jengo jipya. Majengo yana utepe wa kukata, ombi langu halina. Naomba kila kijana anayefikishwa kliniki kwa sonona (ugonjwa wa huzuni nzito na kukata tamaa) au baipola (ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi) aulizwe, faraghani na mtu aliyefunzwa, mambo yaliyompata utotoni, na jibu lake lizingatiwe katika kupanga matibabu.

Kwa kawaida huulizwa kuhusu usingizi, hamu ya kula na mawazo ya kujiua, kisha huandikiwa dawa. Tena huyo ana bahati. Wengi hawafiki kliniki, maana sonona ya kijana mara nyingi hujitokeza kwa hasira kuliko machozi. Nyumbani huitwa mkaidi, shuleni husimamishwa masomo. Aliyeugua kwa sababu ya kipigo huongezewa adhabu kwa kuugua.

Mwaka 1998 madaktari Vincent Felitti na Robert Anda, pamoja na wenzao, walichapisha utafiti wa watu wazima zaidi ya 9,000 nchini Marekani. Waliopitia aina nne au zaidi za madhila utotoni, kama kupigwa, kudhalilishwa kingono au kulelewa na mlevi, walikuwa katika hatari ya sonona, ulevi na kujaribu kujiua mara 4 hadi 12 kuliko wasiopitia lolote. Kwangu mimi, uzito zaidi uko kwenye uchambuzi wa mwaka 2003 wa wagonjwa 681 wenye sonona sugu. Miongoni mwa walioumizwa wakiwa wadogo, tiba ya mazungumzo peke yake ilisaidia kuliko dawa peke yake. Tusipouliza, tutajuaje nani anahitaji nini?

Sisemi dawa zitupwe. Mwenye baipola anazihitaji, na akipewa za sonona tu anaweza kupandwa na wazimu wa furaha na kukosa usingizi. Wala sisemi kila mgonjwa aliteswa. Baipola hurithiwa sana, na wapo wazazi wema wanaonyooshewa vidole bure. Ila aliye na baipola na aliteswa utotoni, kwa kawaida ugonjwa humwanza mapema, humrudia mara nyingi zaidi, na hatari ya kujaribu kujiua huwa kubwa.

Wataalamu wako watasema kuuliza ni kutonesha kidonda. Ni kweli, iwapo muulizaji hana pa kumpeleka mtoto baada ya jibu. Kwa hiyo swali liende pamoja na ulinzi na nafasi za tiba ya mazungumzo. Na faragha isipuuzwe: aliyemleta kijana na kukaa naye kwenye benchi anaweza kuwa ndiye aliyemwumiza.

Tena, Mheshimiwa, akifikisha miaka 18 asihamishiwe kliniki ya watu wazima akaanze kusimulia upya kwa mgeni. Jibu lako kuhusu hilo nalihitaji kwa maandishi.

Wako,
Mshauri nasaha wa vijana