Barua ya wazi kwa mpwa wangu mwenye bendi ya rock

Mjomba, salaam.

Nyimbo zenu tatu ninazo tangu Jumatatu ya wiki iliyopita. Nilivyonyamaza ukadhani sijazipenda, ukaenda kumwuliza mama yako kama nimekasirika. Sijakasirika. Nilizisikiliza kwenye simu, nikaona simu inawaonea, nikapanda daladala hadi Mwanjelwa kwa kijana mmoja anayeuza redio, akanichomekea kwenye spika kubwa. Wateja wawili wakaondoka. Mama mmoja muuza viazi akasimama mlangoni hadi wimbo wa tatu ukaisha, kisha akauliza, "Hawa wanagombana?" Nikamwambia hapana, ni mpwa wangu na wenzake. "Basi wana nguvu," akasema, akainua ndoo yake akaenda. Hayo ndiyo maoni ya kwanza ya umma wa Mbeya kuhusu bendi yenu. Yatunze.

Ila sikuandikii kwa ajili ya nyimbo. Nakuandikia kwa ajili ya ule ujumbe wako wa usiku wa manane. Kwamba ametokea mheshimiwa mmoja, yuko tayari kuwanunulia drams mpya, ampu mbili na spika, mradi msaini kuwa nyimbo zote ni mali yake, na Ijumaa na Jumamosi mpige kopi, yaani nyimbo za watu wengine, kwenye baa yake. Na kwamba wewe unaona sawa tu, maana "rock haina wenyewe huku kwetu". Jibu nimeamua kuliweka mahali kila mtu analisoma, kwa sababu vijana wa aina yako nawaona ni wengi, na kila bendi ina mheshimiwa wake anayeisubiri mlangoni.

Mjomba wako mkubwa, marehemu, alikuwa fundi wa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, hapa Mbeya wakati reli bado inang'aa. Akienda Kapiri Mposhi, kule Zambia, alikuwa akirudi na sabuni na mablanketi. Safari moja akarudi na santuri isiyo na jalada, imeviringishwa kwenye gazeti. Katikati pameandikwa WITCH. Shangazi yetu, mwalimu wa shule ya msingi, akalisoma neno kwa sauti na kulitafsiri papo hapo: mchawi. Bibi yako akasema kitu hicho hakilali ndani ya nyumba yake. Kikalala kwenye banda la kuku.

Tulikuwa tunaipeleka kwa jirani mwenye gramafoni, tukiifuta kwanza kwa pindo la shati. Mimi niliamini kabisa ni Wazungu wanaopiga. Kaka akacheka hadi akakohoa. "Hawa ni vijana wa Zambia, wa Kitwe, kwenye machimbo ya shaba. Ni hapo tu ng'ambo ya Tunduma." Nikawa namwona mwongo hadi siku aliponionyesha picha yao gazetini.

Sasa unaposema rock haina wenyewe huku kwetu, mimi nawaona wale vijana. Bendi yao ilizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 70. Zambia ilikuwa na uhuru tangu 1964, shaba ilikuwa na bei, mishahara ya migodini inatoka kila mwezi, na kila mji wa mgodi ulikuwa na kumbi na baa zinazotaka watu wa kuzichangamsha Jumamosi. Vijana walikuwa na santuri za Rolling Stones, Jimi Hendrix, Deep Purple na James Brown. Mwalimu hakuna. Unasikiliza, unarudisha sindano nyuma, unasikiliza tena. Walianza kama ninyi, kwa kupiga kopi. Mwimbaji alikuwa Emanuel Chanda, ambaye mashabiki walimbatiza Jagari: ni Mick Jagger huyo, mwimbaji wa Rolling Stones, ila jina limepita kwenye midomo ya watu wetu likatoka na irabu zake. Chris Mbewe alishika solo, John Muma rithimu, Gedeon Mulenga besi, Boidi Sinkala drams, na Paul Mumba kinanda. Na ile WITCH si mchawi pekee, bibi yako angesikia angepumua kidogo. Ni herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza yenye maana ya "tumekusudia kuleta vurugu". Kidogo tu, maana na vurugu nazo hakuzipenda.

Sikiliza albamu yao ya kwanza, Introduction. Isikilize kwa spika, usiiharibu kwa simu. Gitaa limepitishwa kwenye pedali inayolifanya liungurume kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Kinanda kinalia nyuma kama cha kanisani, lakini kanisa ambalo mchungaji amesafiri. Sauti ya Jagari iko mbali, utadhani anaimbia chumba cha pili. Kisha drams. Hapo ndipo nakutaka utulie. Yule jamaa anajaribu kupiga kama Wazungu wa kwenye santuri, unamsikia kabisa anajaribu, na mkono unamkatalia. Kila akifika mwisho wa mstari, mkono unaongeza kitu kidogo kisichokuwemo kule, kitu cha ngomani. Besi badala ya kumrudisha inamfuata, na wimbo unainamia upande ambao Muingereza asingeuinamisha. Kwa sikio langu, sauti yao yote imetoka hapo, kwenye kushindwa kukopi vizuri. Wangefaulu tungekuwa na Deep Purple wawili, na mmoja anatosha.

Ukija kwenye Lazy Bones!! ya 1975 wameshajua wanachokifanya. Mwendo umepungua, pedali ya wah-wah inalalamika, na hawana haraka ya kumwonyesha mtu kuwa wanaweza. Mwaka uliofuata wakatoa Lukombo Vibes, na humo nyumbani kunasikika zaidi. Wenzao nao walikuwa kila mmoja na njia yake: Rikki Ililonga na Musi-O-Tunya, Amanaz, Paul Ngozi aliyeimba Kinyanja bila kuomba radhi. Muziki wote huo ukaitwa Zamrock. Jina la nchi limo ndani ya jina la muziki, na hakuna aliyewauliza kama rock ina wenyewe.

Siasa nayo ilisaidia, kwa njia ya kuchekesha. Rais Kaunda, ambaye mwenyewe alipenda kushika gitaa, aliagiza kuwa asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Kizambia. Redio ikawa na saa nyingi za kujaza, na vijana wa gitaa la umeme wakasema sisi si Wazambia? Huku kwetu Novemba 1969 wakubwa wa Dar es Salaam walikuwa wamepiga marufuku muziki wa soul, ule wa akina James Brown, kwenye madansi, kwa hoja ile ile ya kulinda utamaduni. Nchi mbili jirani, viongozi marafiki, wasiwasi mmoja. Huku James Brown akafungiwa mlango, kule akageuzwa Mzambia. Dansi letu silibezi, nimelila na nimelivaa, lakini huwa najiuliza kuna akina Jagari wangapi waliobaki Ilala na Temeke na gitaa lisilo na pa kwenda.

Tuje kwenye vyombo, maana ndiko mheshimiwa wako aliko. Muziki wa nchi hii umejengwa juu ya swali moja: vyombo ni vya nani? NUTA Jazz ilipoanza 1964, vyombo vilikuwa vya chama cha wafanyakazi, na mwanamuziki akawa mwajiriwa mwenye mshahara. Kwa wengi ilikuwa nafuu kubwa, usinielewe vibaya. Ila mwenye vyombo ndiye mwenye bendi, na mwenye bendi ndiye mwenye jina. Nenda kamwulize mzee yeyote wa dansi kwa nini alihama bendi mara sita, asilimia kubwa ya hadithi utaisikia inaanzia hapo.

WITCH hawakungoja kampuni iwagundue. Walirekodi albamu ya kwanza kwa njia zao. Zambia wakati huo haikuwa na kiwanda cha santuri, kama sisi tusivyokuwa nacho, kwa hiyo kazi ikaenda kuchapwa Nairobi, nakala chache, na wakaziuza wenyewe kwenye maonyesho. Hebu lione hilo: umemaliza kuimba, jasho linakutiririka, unashuka jukwaani umeshika rundo la santuri zako mwenyewe na unamrudishia mtu chenji. Na tamaa walikuwa nayo, usidhani walikuwa watakatifu wa umaskini. Walitaka jina kubwa, nguo za kung'aa na kumbi zilizojaa, na baadaye kampuni ilipokuja walifanya nayo kazi. Lakini kampuni iliwakuta tayari ni watu.

Yaliyofuata nayapita haraka kwa sababu yananiuma. Bei ya shaba ikaporomoka katikati ya miaka ya 70. Vita vya ukombozi vikazunguka mipaka, ikaja amri ya kutotembea usiku, umeme ukawa wa kukatika, maonyesho yakahamishiwa mchana. Rock ya saa tisa alasiri, jua linawaka, na watu wanaangalia saa. Kisha disko. Kisha Ukimwi, uliopita kwenye kizazi kile cha wanamuziki kama moto wa nyika. Wenzake Jagari wa kikosi cha kwanza wote wamekwenda. Yeye aliacha bendi, akafundisha muziki chuoni Lusaka, baadaye akaenda kuchimba vito ardhini. Mchimbaji, mjomba, baada ya kuwa sauti ya miji ya wachimbaji.

Miaka ikapita. Wakusanyaji wa Ulaya na Marekani wakaanza kuzisaka zile santuri na kulipana pesa ambazo hata nikikuandikia utadhani nimekosea sifuri. Kampuni ya Now-Again ya Los Angeles ikazitoa upya, na mzee akarudi jukwaani, umri wa babu, mbele ya watoto wa kizungu wanaojua maneno ya nyimbo zake. Mwaka 2023 wakatoa albamu mpya, Zango, iliyorekodiwa Lusaka. Ile yetu ya banda la kuku, ukitaka kujua, iliishia kuwa kifuniko cha mtungi. Nimelia kicheko na nimelia machozi juu ya hilo.

Mimi sikuwahi kukuambia kwa nini niliacha kupiga. Nilikuwa nashika rithimu kwenye bendi ya hoteli moja, jina lake halina haja. Mwenye vyombo alikuwa mtu mwema, alitulisha, alimlipia mpiga besi matibabu. Tulikuwa na nyimbo kumi na moja, nne nimetunga mimi. Alhamisi moja tukafika mazoezini tukakuta jukwaa limefagiliwa. Hakuna spika, hakuna waya, hata ile misumari ya kushikia waya ukutani imeng'olewa. Alikuwa amegombana na mwenye jengo, basi. Hakutufukuza wala hakututukana. Tulisimama pale tukatazama alama nne za miguu ya drams kwenye sakafu, mpiga drams akaenda akakaa katikati yake, chini, kama vile kiti kipo. Miezi miwili baadaye nikasikia wimbo wangu mmoja unapigwa na bendi nyingine yenye vyombo vile vile, na maneno yamebadilishwa kidogo.

Kwa hiyo mheshimiwa wako mwambie hivi, kwa adabu, maana ni mtu mzima: vyombo avikodishe, mtamlipa kwa kila onyesho. Kopi Ijumaa pigeni, kopi hazijamwua mtu, na kwenu zitawafunza mkono. Jumamosi iwe ya nyimbo zenu. Nyimbo zenyewe kazisajilini COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla kalamu haijagusa karatasi yake, majina yenu wote wanne, pamoja na huyo mpiga besi mnayemcheka. Akikataa, rudini kwenye zile drams zenu zenye mto ndani. Nimezisikia, zinatosha.

Na ule wimbo wa tatu. Baada ya kiitikio cha pili drams zinapotea, gitaa linasita, halafu wote mnaangukia mahali pamoja ambapo naapa hamkupapanga. Umeniandikia kuwa mtaurudia studio "muusafishe". Msiuguse. Pale ndipo yule mama wa viazi alipoweka ndoo chini.

Gitaa langu linakuja na basi la kesho alfajiri, limefungwa kwenye shuka la kijani. Kalichukue stendi ya Magufuli pale Mbezi jioni, ulizia kwa kondakta. Uzi wa tatu haupo, na swichi ya chini usiiguse, inapiga shoti.

Mjomba wako,
Mbeya