Draiva ya bure ilivyonisimamishia malipo

Mhariri, habari za kazi. Mi natengeneza programu za stoo na mauzo hapa Tabora, wateja wangu wengi ni maduka ya dawa ya Isevya na Ng'ambo na AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) moja ya tumbaku, naomba nafasi niongelee kitu ambacho chuoni hatukufundishwa kabisa, leseni za draiva za databesi.

Draiva kwa asiyejua ni kile kifaili kinachoiunganisha programu na databesi, yaani ghala la taarifa zake, unakipakua mara moja unakisahau. Mi naandika kwa lugha ya Java, databesi MySQL, draiva nikachukua ileile ya kampuni ya Oracle wenye MySQL yao, leseni sikusoma, nilishajiambia ni opensosi (maandishi yake yako wazi kwa wote), ni bure, basi. Mwaka jana nikapata mteja mkubwa kidogo, kwenye mkataba nikaandika programu yote ni mali yangu na kodi (maandishi ya programu yenyewe, si kodi ya TRA) simpi mtu, kijana wao wa kompyuta akafungua folda akakuta faili la leseni, GPL toleo la 2, moja ya leseni za opensosi, akaniuliza hii umeisoma? Nikakosa jibu. Malipo yakasimama na kwa kweli walikuwa na haki.

Usiku nikakaa nikaisoma. GPL haikatazi kuuza, hapo ndo wengi tunachanganya. Ni kama mtu akupe mbegu za mahindi akwambie ukimuuzia mwenzio mahindi hayo, umpe na mbegu, na ruhusa ya kupanda na kugawa kama ulivyopewa wewe. Kwenye programu mbegu ndo kodi. Ukishaifunga draiva ile ndani ya programu yako ukamkabidhi mteja, waliotunga GPL wanasema programu nzima inaingia kwenye sharti hilo (wapo wanasheria wanaobisha, ila mi hela ya kwenda kubishana mahakamani sina). Ikikaa kwenye seva yako mteja akaingia kwa brauza tu, GPL 2 haikudai kodi. Ila sisi tunaomfungia mteja programu kwenye kompyuta yake na kodi tunaficha, ni ununue leseni ya biashara kwa Oracle au ubadili draiva.

Nikabadili. MariaDB, databesi nyingine, wana draiva yao ya Java, ni LGPL, ndugu mlegevu wa GPL, inaongea na MySQL pia, na kodi yako inabaki yako mradi draiva yenyewe ibaki huru na mteja aweze kuiondoa aweke toleo lake. Kwa anayetumia databesi nyingine iitwayo PostgreSQL, draiva yake ndo rahisi zaidi, leseni ni BSD, unapoigawa unaacha tu tangazo la hakimiliki na maneno ya leseni. Mistari niliyobadili ni michache, ila kupima ripoti zote upya kulinila wiki mbili na mteja anapiga simu kila asubuhi.

Kinachoniuma, sisi wenyewe programu zetu zikikopiwa tunalia, na sheria ya hakimiliki na hakishiriki ya 1999 inatulinda, sasa aliyeandika draiva naye si ana haki ileile? Walimu wa vyuo nawaomba hata kipindi kimoja tu mfungue leseni mbele ya wanafunzi muisome pamoja kwa Kiswahili.

Na wenzangu ambao mmeshawafungia wateja, fungueni folda leo muone imo draiva gani, kama ni ya GPL mwambieni mteja kabla hajaikuta mwenyewe.

Msomaji wenu,
Tabora